Kushoto ni Kushoto

Bolti ya nne ilikatika mchana kweupe, mbele ya watu wanne, na watu watatu kati ya hao wakageuka kuniangalia mimi.

Hawakumwangalia fundi aliyeshika spana. Waliniangalia mimi niliyesimama mlangoni na kitana mkononi, sijagusa kitu.

"Mnaona?" akasema Mzee wa Chuma. "Akitoka tu nje, inakatika. Jana ilikuwa hivi hivi."

Nikarudisha hesabu kichwani. Kweli bwana. Bolti nne zimekatika, na kila moja ilikatika dakika ile nimetoka kuchungulia.

Ngojeni niwaeleze kwa utaratibu, maana mkisikia hivyo mtadhani nina mkosi. Sina. Nilikuwa na kitu kibaya kuliko mkosi, na nitakitaja bila kuficha tukifika mbele.

Mimi ni msusi. Shule niliishia ya msingi, mbele sikwenda. Wateja wameniita Taratibu mpaka jina langu limesahaulika, kwa sababu kichwa ambacho wenzangu wanakimaliza kwa saa mbili, mimi kinanichukua nne. Lakini hakifumuki. Utalala, utaoga, utagombana na mumeo, nywele ziko pale pale.

Saluni yangu ni gari.

Si kibanda kilichochorwa gari. Gari lenyewe. Ni gari-nyumba la zamani, refu kama basi dogo, lina kitanda, jiko, sinki na vidirisha vyenye mapazia. Kwenye sinki naoshea vichwa. Kitandani wanakaa wanaosubiri. Kiti cha abiria kinazunguka, basi nimekigeuza kikatazama kioo, mteja anakaa kama bosi.

Na kweli lilikuwa la bosi. Mjomba wangu alimwendesha mzee mmoja miaka mingi, na siku mzee alipoacha kusafiri akampa Mjomba lile gari kama asante. Alikuwa mtu mzima sana, hata kuongea kulishamchosha. Alimkabidhi funguo, akamshika bega, akamwambia maneno matatu.

"Kushoto ni kushoto."

Mjomba hakuelewa. Ila aliyapenda.

Toka siku hiyo yakawa maneno yake ya hekima. Nilipomaliza shule na ikajulikana siendelei, nyumba nzima inalia, Mjomba alinivuta pembeni akanishika bega vile vile. "Mwanangu, kushoto ni kushoto." Nikaenda kulia vizuri zaidi.

Kwenye harusi ya dada yangu alipewa nafasi ya kutoa nasaha. Akasimama, akakohoa, akasema kushoto ni kushoto, akakaa. Watu wakapiga makofi. Shemeji yangu mpaka leo anaishi kwa maneno hayo.

Sasa, lile gari halikufika mbali. Siku ile ile aliyopewa, akiwa njiani kulileta nyumbani, usukani ukaanza kutetemeka. Hii hadithi Mjomba huisimulia kila akishika kikombe cha chai, na mimi naijua kama sala.

"Nikasimama. Nikatoa spana. Nikakaza nati za mbele, kulia na kushoto, kwa mikono hii. Nikaondoka, likatetemeka zaidi. Nikasimama tena, nikakaza tena. Likatetemeka kama lina homa. Mara ya tatu nikakaza mpaka mgongo ukalia. Wapi. Hapo nikajua, hili gari usukani wake una wazimu."

Akaliendesha taratibu mpaka kwenye kiwanja cha mama mmoja waliyefahamiana, kando ya karakana ya seremala. Akalizima. Likakaa miaka tisa.

Miaka miwili iliyopita nikamwomba nifanyie kazi humo ndani. Akacheka.

"Chukua. Siku ukilitoa hapo, ni lako na karatasi zake."

Nililisafisha wiki nzima. Nikafukuza panya, nikang'oa buibui. Chini ya kitanda nilikuta kopo la biskuti, zito kama mtoto, ndani yake kuna bolti fupi nene na nati zake, zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye grisi. Sikujua ni za nini. Nikazifuta, nikazipa kazi. Nywele za bandia ukizilaza mezani zinapeperuka, basi nikawa naweka nati juu zitulie. Nati nyingine niliifunga kwenye kamba ya pazia ili pazia lisirukeruke. Na siku ambazo mteja haji, nilikuwa nakaa mlangoni nachezea bolti moja na nati yake. Nafunga, nafungua. Mikono ya msusi haijui kukaa bure.

Likumbukeni hilo kopo.

Jumatatu, mama mwenye kiwanja akaja. Mtu mwema, hata hakutaka kukaa.

"Binti yangu, nimeuza. Katapila linaingia Ijumaa asubuhi. Mimi nisingekubughudhi, lakini hawa walionunua hawakujui. Wakilikuta hilo gari, watalisukuma kama takataka."

Kila nilichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya lile gari.

Jioni ile ile akatokea Mzee wa Chuma, mnunuzi wa vyuma chakavu, kaja na stuli yake mwenyewe na futi ya kupimia. Mimi niko ndani namsuka mtu, yeye nje anapima urefu wa saluni yangu.

"Shikamoo mzee. Unapima nini?"

"Marahaba mwanangu. Endelea kusuka, usijali. Napima tu."

Injini ilikuwa marehemu zamani, hilo halikunitisha. Mke wa seremala ni mteja wangu, na mumewe ana lori la mbao. Mama yule alisema, "Lori letu litakuvuta mpaka kwenye uwanja wetu wa mbao kule barabarani, nafasi ipo. Wewe hakikisha magurudumu yanazunguka. Na Alhamisi unanisuka."

Tairi za nyuma zilikuwa bado na uhai, zilitaka upepo tu. Za mbele zilikuwa zimeoza, zimelala chini kama chapati. Mjomba akapata mbili kuukuu zenye nafuu, na akaleta fundi.

Fundi huyo mtaani anaitwa Nguvu. Jina halikumwonea. Ni mtu mwenye shingo pana na imani moja tu maishani, kwamba kisichofunguka hakijapata mtu. Akikuta mlango umefungwa, nadhani hajaribu kitasa.

Jumanne akafungua gurudumu la mbele la kulia. Nati nane zikatoka, zina kutu lakini zikatoka. Mimi nimechuchumaa pembeni naangalia.

"Fundi, hizi bolti zimeandikwa R kwenye ncha," nikasema.

Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto.

"Dada, wewe shika kitana, mimi nishike spana."

Mzee wa Chuma akacheka kwenye stuli yake. Nikaingia ndani.

Jumatano akahamia kushoto. Akamwagia mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akavalisha spana kwenye nati ya kwanza, akasukuma. Nati ikasogea.

"Hiyo, imeanza kutoka," akasema Mjomba.

Ikasogea tena kidogo. Halafu ikagoma. Fundi Nguvu akachukua bomba refu la chuma, akalivalisha kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu, akalipandia na uzito wake wote.

Kah.

Bolti ikakatika. Nati ikaanguka na kipande ndani yake.

"Kutu hiyo," akasema.

Ya pili, vile vile. Ikasogea, ikagoma, ikakatika. Hapo akaokota kipande, akakipangusa na kidole, akakiinua juani.

"Kumbe. Hii imeandikwa L."

"Maana yake nini?" akauliza Mjomba.

Fundi Nguvu akafikiri kidogo, si sana.

"Laji. Kama kwenye fulana. Kule kulia ilikuwa R, yaani regula, saizi ya kawaida. Huku kushoto ndiko kuna jiko na tangi la maji, kuzito, ndiyo maana wakaweka laji. Watu wa zamani walikuwa na akili."

Mjomba akatikisa kichwa kwa heshima. Mzee wa Chuma naye akatikisa. Hata mimi nilitikisa, Mungu anisamehe.

Basi Fundi Nguvu akaenda dukani kuagiza bolti laji. Alhamisi asubuhi akarudi nazo, kila moja nene kama kidole gumba cha mguu wa Mjomba. Hata kwa macho ulikuwa unaona haziingii. Lakini nani aseme? Akazipanga kwenye gunia kama mtu anayepanga silaha.

Mke wa seremala alikuwa tayari kwenye kiti changu. Alitaka nywele za uzi, zile za kuviringishia uzi mweusi kutoka shina la nywele mpaka ncha. Nimefika nusu ya kichwa, nikasikia spana inalia nje. Nikatoka mlangoni.

Bolti ya tatu. Ikasogea, ikagoma.

Kah.

Nikarudi ndani. Nikaviringisha mafungu mawili. Mjomba akaniita nimletee maji ya kunywa, nikatoka.

Kah.

Ndiyo ya nne, ile niliyoanza nayo. Mke wa seremala naye alikuwa ametoka nyuma yangu, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeshtuka.

"Mnaona?" ndipo Mzee wa Chuma akasema. "Huyu binti ana mkono mzito."

"Mkono wangu uko kwenye kitana, mzee."

"Basi jicho."

Fundi Nguvu akaweka bomba chini, anahema. Alikuwa hanitazami. "Zimebaki nne. Zikikatika zote ndiyo basi, itabidi tukate gurudumu kwa moto. Na leo hatumalizi."

Mzee wa Chuma akaitoa futi yake, akaifungua, akaifunga.

Mjomba akanijia, akanishika bega. Nikajua linakuja.

"Mwanangu, kushoto..."

"Mjomba, leo usiniambie."

Nikaingia ndani. Mke wa seremala akakaa kitini. Hasira imenijaa, na mtu akisuka na hasira, mteja anaumia. Nikaviringisha uzi fungu moja vibaya, nikataka kuufungua nianze upya. Kwa haraka nikaenda upande usio wake. Badala ya kulegea, ukabana.

"Aah, mwanangu, unanikaza," akasema mke wa seremala. "Unafungua au unafunga?"

Mikono yangu ikasimama hewani.

Unafungua au unafunga.

Kitu kinachofunguka kinazidi kuwa chepesi. Hilo msusi halihitaji shule kulijua. Lakini zile nati za nje, zote nne, zilianza nyepesi zikaishia nzito. Nimeziona kwa macho yangu. Zilikuwa hazifunguliwi. Zilikuwa zinakazwa mpaka zinakatika shingo.

"Samahani mama, dakika moja."

Nikavuta kopo la biskuti. Nikatoa bolti ile ninayochezea kila siku, nikaiangalia ncha yake. Imechongwa L.

Hiyo L nilikuwa naiona miaka miwili. Nilidhani ni herufi ya jina la mwenye mali.

Spika zangu za masikioni zilikuwa zinaning'inia kwenye kioo. Kila mwenye simu anazijua zile, moja imeandikwa L, nyingine R. Na hata kama hukusoma, unajua L inaingia sikio gani, maana ukikosea haikai vizuri.

Sikio la kushoto.

L si laji. L ni kushoto. Na R si regula wala nini, ni kulia.

Nikatoka kwa mlango wa upande wa pili, nikaokota bolti moja kuukuu ya R, ya akiba, aliyokuja nayo fundi kwenye bati lake la vifaa, na nati yake. Nikarudi ndani kimya. Nikaziweka mbili hizo kwenye kiganja, pamoja. Ndugu zangu, uzi wa hii, ile mistari inayozunguka bolti, ulikuwa unapanda kulia, uzi wa ile unapanda kushoto. Kama misokoto miwili ya nywele, mmoja kasokota mtu wa mkono wa kulia, mwingine wa mkono wa kushoto.

Nikafungua nati ya R. Ikatoka nikiizungusha kushoto.

Nikafungua nati ya L. Mkono wangu ukaenda kulia wenyewe, kama ulivyozoea miaka miwili.

Na hapa ndipo nitakapotaja kile kitu kibaya kuliko mkosi.

Mimi nilijua.

Nilijua toka Jumatano kwamba Fundi Nguvu anazungusha upande nisiouzoea. Niliona. Nikajiambia, mimi nati nilizowahi kufungua maishani ni za kopo la biskuti tu, labda nati za wanaume zinafunguliwa tofauti. Yeye ni fundi, mimi nimeishia shule ya msingi. Nikanyamaza. Bolti ikakatika, nikanyamaza. Ya pili, nikanyamaza. Nilikuwa nimekalia jibu kama kuku, na silitoi.

Mke wa seremala alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Una neno," akasema.

"Hapana mama."

"Unalo. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka miwili, nakujua ukimeza neno. Nenda kaliseme. Mimi sina pa kwenda na nusu kichwa."

Nikashuka.

"Fundi. Naomba nijaribu nati moja."

Mzee wa Chuma akacheka mpaka stuli ikalia.

"Mwacheni. Akikata ya tano, tutakuwa na uhakika."

Fundi Nguvu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka anakuwa mkarimu. Akanipa spana na bomba lake. Nikavalisha kwenye nati ya tano. Nikasimama upande ule mwingine, nikashika bomba tayari kulisukuma kuelekea kulia, kama mshale wa saa unavyokwenda.

"Dada, huko ni kukaza," akasema Fundi Nguvu.

"Najua unavyojua, fundi. Naomba tu."

Nikasukuma. Haikusogea. Nikapanda juu ya bomba kwa miguu miwili, nimeshikilia kioo cha pembeni cha gari. Mimi si mzito. Nikarukaruka kidogo, mara moja, mara mbili.

Ikalia kwii, kama mlango wa kale.

Nikaanguka chini, spana nayo. Mjomba akafumba macho akisubiri mlio wa kukatika.

Haukuja.

Nikainuka, nikaokota spana, nikazungusha tena kulia. Nyepesi. Nikazungusha tena. Nyepesi zaidi. Nikatupa spana, nikamalizia kwa vidole viwili. Nati ikatoka nzima, nikaiweka kwenye kiganja cha Fundi Nguvu.

"Hii ya kushoto imefumwa kinyume," nikasema. "L ni kushoto. Kama kwenye spika za masikioni."

Fundi Nguvu akaitazama nati. Akanitazama mimi. Akalitazama gunia la bolti zake laji.

"Kwa hiyo mimi," akasema polepole, "siku mbili nilikuwa nakaza."

"Ulikuwa unakaza vizuri sana, fundi," akasema mke wa seremala kutoka mlangoni.

Ya sita, ya saba na ya nane zikatoka bila ugomvi. Gurudumu likashuka.

Nitamsifia Fundi Nguvu hapa, maana akishajua njia, kazi anaijua. Alitoa haba nzima, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa, akailaza juu ya magogo mawili ya seremala. Vile vipande vinne vilivyobaki ndani akavigonga kwa nyundo kutoka mbele kwenda nyuma, vikaruka kimoja kimoja. Nikamletea kopo la biskuti. Ndani kulikuwa na bolti nne, zote L.

Alipoziona, akakaa chini.

"Hizi zilikuwa wapi?"

"Zinalaza nywele."

Akaiingiza kila bolti kwa nyuma, akaweka nati mbele na pete kadhaa za chuma chini yake, akaivuta kwa kukaza mpaka kichwa cha bolti kikakaa kwenye nyumba yake. Anakaza kwenda kushoto, midomo inatembea kama anasali. Kila mara mkono ulitaka kurudi kulia, akaupiga kofi. Akapaka grisi mpya, akarudisha haba, akapachika gurudumu. Nati zilipungua moja. Nikapanda ndani, nikafungua ile ya kwenye kamba ya pazia. Pazia likaruka nje, likampiga Mzee wa Chuma usoni.

Akakaza kwa kupishana, moja ya juu, moja ya chini, gurudumu likae sawa. Jua lilikuwa bado halijazama.

Nikageuka kumtafuta Mjomba.

Alikuwa amekaa kwenye stuli ya Mzee wa Chuma, peke yake, mikono magotini. Mjomba wangu asiyewahi kukosa neno.

"Mjomba, vipi?"

"Nauliza tu," akasema. "Hiyo nati ya kushoto. Ukiikaza kwenda kulia, inakuwaje?"

"Inalegea, Mjomba."

"Hata ukikaza sana?"

"Ndiyo inalegea sana."

Nami ndipo nikaiona. Hadithi ya chai, ile ninayoijua kama sala. Akasimama, akakaza. Likatetemeka zaidi. Akakaza tena. Likatetemeka kama lina homa.

"Mjomba," nikasema, "kwani siku ile..."

"Usiseme."

"Usukani haukuwa na wazimu."

"Nimesema usiseme."

Fundi Nguvu akawa ameshaelewa. Akaegemea gari, mabega yanatikisika. "Mzee, huenda mwanzo ilikuwa barabara mbovu tu. Ukashuka, ukalegeza. Ukaendesha. Ukashuka, ukalegeza tena."

"Mara tatu," akasema Mjomba, sauti ndogo. "Ya tatu mpaka mgongo ukalia."

Miaka tisa gari limelala kwa ugonjwa alioliambukiza mwenyewe kwa mikono ile.

Halafu akainuka ghafla kama kaumwa na siafu. Akaishika spana, akaenda mbele ya gurudumu la kushoto, akanyoosha mkono hewani, akauzungusha kushoto kama anayekaza. Midomo inasema kitu. Akanigeukia, macho yamejaa.

"Gurudumu la kushoto, unakaza kwenda kushoto."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kushoto ni kushoto."

Mzee wa watu alikuwa amempa gari na maelekezo yake kamili, kwa pumzi aliyokuwa nayo. Mjomba akayafanya nasaha ya harusi.

Kisha mke wa seremala akaanza kucheka, na hakuna aliyebaki amesimama.

Ijumaa asubuhi lori la mbao lilifunga mnyororo. Mjomba akakaa kwenye usukani, shati amepiga pasi. Mimi kando yake kwenye kiti cha wateja. Tukatoka getini katapila likiwa linaingia, dereva wake akatupisha. Nilikuwa naangalia mikono ya Mjomba. Imetulia kama ya mtu anayepiga picha.

"Halitetemeki," akasema baada ya muda. Hakuwa ananiambia mimi.

Tulipofika uwanja wa mbao, Fundi Nguvu alikuwa ametangulia, akatuhimiza tukaze nati tena, maana baada ya mwendo hulegea kidogo. Nikasogea pembeni kumpisha. Akaninyooshea spana.

"Dada, shika spana. Mimi nishike kitana."

Nikakaza mwenyewe, zote nane, kwenda kushoto. Baadaye nikazipaka rangi nyekundu ya kucha, asije mtu mwingine akasoma laji.

Mzee wa Chuma alikuja kutuaga na hakuondoka mikono mitupu. Alichukua vile vipande vinne vya bolti, akavitia mfukoni mwa shati. "Chuma ni chuma, mwanangu," akasema. Bolti laji zipo kwangu, moja inazuia mlango. Mke wa seremala alimaliziwa nusu yake ya pili Jumamosi, na hakukubali kofia siku zile mbili.

Nilimpigia dada yangu nikamwambia yote. Nikasikia shemeji kwa nyuma anauliza kuna nini. Akaelezwa. Akachukua simu.

"Shemeji, hiyo habari ibaki huko huko. Mimi ndoa yangu imesimama kwa maneno hayo miaka sita, usije ukanilegezea."

Basi ndugu zangu mnaosoma, mimi sina cheti cha kuwafundisha kitu. Ila niliwahi kukaa na jibu kwenye kopo la biskuti huku bolti zinakatika mbele ya macho yangu, kwa sababu nilidhani kujua ni kwa watu wengine. Ukiona kitu kinazidi kuwa kizito wakati kilitakiwa kulegea, sema. Sema hata kama sauti ni ndogo, hata kama umeshika kitana. Wakicheka, watacheka mara moja.

Mimi walinicheka mara moja. Mjomba tunamcheka kila akishika kikombe cha chai, na hadithi siku hizi anaimalizia mwenyewe.